Haidrokwinoni: marufuku ni sahihi, ila aliye na madoa aende wapi?

Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku haidrokwinoni, kemikali inayofifisha rangi ya ngozi, katika vipodozi. Umoja wa Ulaya nao uliiondoa kwenye krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2001. Hata hivyo, madaktari wa ngozi katika nchi nyingi bado wanaiandikia wagonjwa, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Inavyofanya kazi ni hivi: haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, hivyo rangi mpya hupungua pale ilipopakwa. Kwa mwenye melasma, yale madoa ya kahawia yanayotanda mashavuni na kwenye paji la uso, mara nyingi wakati wa ujauzito au kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, krimu ya asilimia 4 ikipakwa kwenye madoa tu kwa miezi michache huleta nafuu ya kweli. Mwaka 1975 madaktari wa Marekani, Kligman na Willis, walichapisha mchanganyiko wake na tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), na tiba ya melasma hadi leo inafuata msingi huo.

Mwaka huohuo, 1975, Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza upande wa pili: wanawake waliopaka krimu hizo kwa muda mrefu wakaota weusi wa kibluu usoni, hali iitwayo okronosisi, ambayo kuiondoa ni kazi ngumu mno. Waliotafuta weupe walipata weusi wasiouweza.

Kwa hiyo siwezi kutetea kopo linalouzwa kiholela sokoni. Mkorogo ni mbaya zaidi, kwa sababu anayeupaka hajui kilichomo. Mara nyingi mna klobetasoli, steroidi kali inayokondesha ngozi, kuleta michirizi na kumfanya mtu awake moto usoni anapoiacha ghafla. Wakati mwingine mna zebaki, ambayo huharibu figo. Zebaki haina hoja ya kuitetea hata kidogo.

Lakini marufuku haimtibu mwenye melasma. Madaktari wa ngozi ni wachache na wengi wako mijini, ingawa kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiandaa wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992. Anayekosa daktari hurudi kwa muuza mkorogo, naye hamuulizi kama ana mimba.

Nafasi hiyo inaweza kuzibwa kwa sehemu. Asidi ya azelaiki hupunguza madoa na kwa kawaida huruhusiwa hata kwa mjamzito, tofauti na haidrokwinoni na tretinoini, ambazo hushauriwa kuziepuka. Krimu ya kukinga jua ni ya lazima, tena iwe ile yenye rangi inayotokana na oksidi ya chuma, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida unaoonekana huzidisha melasma. Anayetumia dawa yoyote ya madoa bila kinga hiyo anapoteza pesa zake, na ningetamani muuza duka la dawa amwambie hivyo kabla ya kumpa kopo.