Fundi pima kwanza jamani!

Hii tabia ya kubadilisha kapasita zote (vile vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme) kabla hata ya kushika mita ya kupimia umeme inaniumiza sana. Priampu yangu ya miaka ya 70 (ile mashine ya kukuza sauti kabla haijaingia kwenye ampu kubwa) ilikuwa inakatakata upande wa kushoto, ukigusa tu swichi ya kuchagua redio au santuri sauti inarudi na mkwaruzo krrr, sasa hapo si swichi imechafuka ndani? Nikamwambia fundi hamisha kwanza waya ya kushoto iende kulia uone kama tatizo linahama, wapi, akafumua bodi nzima, akachoma lehemu mpaka njia ya shaba inayopitisha umeme kwenye bodi ikabanduka. Nimerudi nayo home, nikapulizia dawa ya kusafishia swichi, nikaizungusha kama mara 20, pande zote zinaimba. Ila ile shaba nani atanirudishia?