Barafu Inayeyukia Wapi?

Baba yangu analima viazi Uporoto, Mbeya. Juni hii, baridi ya usiku ilipounguza majani ya viazi vyake, aliniuliza kwa nini watu wazima wanakesha kwenye kompyuta wakikokotoa milima ya barafu inayoelea Antaktika. Nikamwambia, "Wanatafuta inayeyukia wapi, baba." Hakuridhika.

Basi nikachukua vipande viwili vya barafu nyekundu ya choya, isiyotiwa sukari. Kimoja nikakitia kwenye glasi ya maji ya chumvi, kingine kwenye maji matupu. Kwenye maji matupu wekundu ulishuka hadi chini kama uzi. Kwenye chumvi ulitanda juu, haukushuka. Baba akainama, akatazama kwa muda mrefu.

Kando ya Antaktika, maji baridi yenye chumvi nyingi huzama, kisha hutambaa sakafuni mwa bahari hadi Bahari ya Hindi. Maji ya barafu yakitanda juu, uzamaji huo hudhoofika. Kwa hiyo mahali yanapomwagikia ni jambo kubwa. Kwa miaka mingi modeli nyingi za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga bahari na hali ya hewa, ziliyamwaga yote pale pwani, kana kwamba barafu huyeyuka palepale inapomeguka. Sivyo. Mlima wa barafu uitwao A68, uliomeguka mwaka 2017 ukiwa na kilomita za mraba zipatazo 5,800, ulisafiri hadi karibu na kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, ukamwaga huko tani bilioni 152 za maji yasiyo na chumvi kwa miezi mitatu.

Kwangu mimi, modeli isiyofuata safari hiyo imekosea bahari yenyewe. Zipo sasa zinazofuata kila pande la barafu: mkondo, upepo na mzunguko wa dunia vinalisukuma, mawimbi yanalitafuna ubavuni. Kazi ngumu ni mapande makubwa kabisa, maana ufa unaoyapasua ni mwembamba mno kuonekana kwenye miraba mikubwa ambayo modeli huigawia bahari. Hapo ndipo fedha ziende.

Sisemi pande moja litachelewesha mvua ya Novemba. Lakini Bahari ya Hindi inazigusa mvua zetu, na bahari zote zimeungana.

Nikamweleza baba habari za mlima mwingine wa barafu, A23a, uliomeguka mwaka 1986 ukakwama kwenye sakafu ya bahari zaidi ya miaka thelathini, kwa kuwa sehemu kubwa ya barafu huwa chini ya maji. Akauliza, "Sasa kompyuta ingejuaje siku ya kunasuka?"

Swali hilo nataka vijana wa hesabu wa Mbeya walishike.