Kuvu Walichelewa, au Ardhi Ilididimia?

Ukikanyaga kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu nje kidogo ya Nairobi, ardhi inanesa kama godoro. Chini ya nyasi ni maji, na ndani yake mboji nyeusi: mimea ya miaka nenda miaka rudi ambayo haijamaliza kuoza. Makaa ya mawe huanza hivyo hivyo. Ubishi wa wanasayansi ni kwa nini matabaka yake mengine ni manene ajabu, hasa yale ya kipindi cha Kaboniferi, miaka milioni 359 hadi 299 iliyopita.

Wapo wanaosema kuvu, jamii ya uyoga na ukungu, walichelewa. Miti ilikuwa imeshapata lignini, ile gundi inayokaza mbao, lakini hapakuwa na kiumbe cha kuimeng'enya, kwa hiyo magogo yakarundikana. Mwaka 2012 ulinganisho wa jeni za kuvu ulionyesha kwamba uwezo huo ulitokea karibu na mwisho wa Kaboniferi. Tarehe zinaoana vizuri. Kwangu mimi, vizuri mno.

Mwaka 2016 wengine wakapinga. Lepidodendroni, miti ya mita 30 na zaidi iliyotawala vinamasi vile, ilikuwa gome kwa sehemu kubwa, na lignini yake kidogo. Tena bonde la Latrobe, Australia, lina matabaka ya makaa ya kahawia yanayopita mita 100, nayo yaliwekwa baada ya dinosaria kutoweka, kuvu wakiwa wamejaa tele. Wao wanataja mvua za tropiki na mabonde yaliyodidimia mabara yalipogongana kuunda Pangea, bara kuu moja la kale. Mboji huongezeka takriban milimita moja kwa mwaka. Bonde likididimia haraka kuliko hapo, kinamasi kinageuka ziwa. Likikawia, mboji inaibuka juu ya maji na kuoza. Unene unataka mwendo uende sawa kwa maelfu ya miaka.

Mimi naegemea huku. Hata hivyo, saa ya jeni, yaani tarehe zilizotokana na ule ulinganisho wa 2012, haijakanushwa. Huenda kuvu walichelewa kweli, ila hilo halielezi Latrobe. Wala halielezi Ondiri: kuvu wapo, na mboji ipo, kwa sababu kuvu wanaokula lignini huhitaji oksijeni na maji yanaizuia. Pampu za mashamba ya jirani zikivuta maji kupita kiasi, hewa itaingia na kuvu hao hao wataila mboji.