Hukumu zetu zishuke hadi kituo cha polisi

Hapa Bombo Kiswahili tulikirithi kambini. Babu zetu walikuwa askari, nasi tukacheza, tukagombana na kupunguziana bei sokoni kwa lugha hiyo. Nikikisema mahali pengine Uganda, mara nyingi namwona mtu mzima akishtuka kidogo, kwa maana yeye alikisikia kwanza kinywani mwa mwenye bunduki. Mama mmoja wa Luweero aliniambia kwamba Kiswahili chote anachokijua ni maneno mawili: panda gari. Ndivyo watu walivyoziita zile operesheni za miaka ya 1980, raia wakizolewa mitaani na kupakiwa kwenye malori, na wengine wasirudi tena.

Katiba ya 1995 iliandikwa katika nchi yenye kumbukumbu hiyo. Ibara ya 23 inataka anayeshikwa kwa tuhuma ya kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ibara ya 44 inakwenda mbali zaidi: inasema haki ya kusikilizwa kwa haki, na amri ya jaji ya kutaka mfungwa aletwe mbele yake, hazipunguzwi kwa sababu yoyote. Amri hiyo ina damu ndani yake. Mwezi Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliamuru mgeni mmoja aliyezuiliwa na jeshi kinyume cha sheria aachiliwe. Siku chache baadaye, tarehe 21, watu wa Idi Amin wakamtoa jaji huyo ndani ya Mahakama Kuu mchana kweupe. Kaburi lake halijulikani mpaka leo.

Halafu kuna Ibara ya 137, ninayoipenda kuliko zote. Mtu yeyote, awe mbunge au muuza mkaa, anaweza kwenda Mahakama ya Katiba kulalamika kwamba sheria fulani, au kitendo cha mwenye mamlaka, kinapingana na katiba. Si lazima awe ameumizwa yeye mwenyewe.

Rafiki zangu huniuliza imesaidia nini. Hunitajia mahakama ya kijeshi, na kweli hadithi hiyo inachosha. Novemba 2005 watu wenye silaha, waliovaa fulana nyeusi, waliizingira Mahakama Kuu mjini Kampala ili kuwakamata upya watuhumiwa waliokuwa wamepewa dhamana muda ule ule. Baadaye watuhumiwa hao wakafunguliwa mashtaka mbele ya mahakama ya kijeshi. Chama cha mawakili kikaenda Mahakama ya Katiba kupinga hilo, kikashinda mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tena Mahakama ya Juu mwaka 2009. Raia wakaendelea kupelekwa mbele ya majaji wenye vyeo vya jeshi kana kwamba hakuna kilichoamuliwa. Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge, alishtakiwa huko mwaka 2016. Akapinga, na tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kumshtaki raia huko ni kuvunja katiba, kesi zote za namna hiyo zisimame na zihamishiwe mahakama za kawaida. Tarehe 20 Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mpya inayofungua tena mlango wa kuwapeleka raia huko, na Rais akaitia saini mwezi Juni.

Inauma. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema ni kazi bure. Kizza Besigye, kiongozi wa upinzani, alitekwa Nairobi Novemba 2024, akaletwa mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye. Baada ya hukumu ile ya Januari, kesi yake ilihamia mahakama ya kiraia. Dhamana amenyimwa, ndiyo, na hilo ni pigo, lakini kushtakiwa mbele ya hakimu wa kiraia si sawa na kushtakiwa mbele ya mtu anayepokea amri kutoka kwa mkuu wake. Na waandishi wa habari wa nchi hii wanajua nini kiliondoka Februari 2004, pale kosa la kuchapisha habari za uongo lilipofutwa na Mahakama ya Juu katika kesi ya Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda. Kabla ya hapo mhariri aliweza kufungwa kwa kifungu hicho.

Lalamiko langu ni kwa mawakili wetu, ninaowaheshimu sana. Hukumu inasomwa kwa Kiingereza kizito, kurasa mia na zaidi, picha zinapigwa kwenye ngazi za mahakama, kisha inaishia hapo. Ibara ya 4 inaiamuru serikali itafsiri katiba katika lugha za Uganda na kuieneza. Basi kama serikali inasuasua, ninyi mnangoja nini?

Mwaka jana mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa bodaboda, alikaa lokapu siku tisa katika kituo kimoja cha polisi nisichokitaja. Siku ya nne nilikwenda na fotokopi ya Ibara ya 23. Nikasema, “Jambo afande, naomba unisomee hapa.” Akasoma kimya. Akaniambia kwa upole kwamba yeye anajua amri za bosi wake, na karatasi ile hajawahi kuonyeshwa. Nilimwamini. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi na chupa ya chai iliyokwisha kupoa, akiniuliza kuna nini kwenye karatasi hiyo. Nikamweleza kwa Kinubi, lugha yetu nyingine hapa Bombo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisimama akamuuliza afande mwenyewe: saa 48 zilikwisha lini?

Kijana alitoka siku ya tisa bila shtaka lolote. Tangu hapo nimetafsiri ibara ile kwa Kiswahili na Kinubi, ukurasa mmoja, nikaubandika kwenye steji yao. Wakili unayesoma hapa, nitumie ukurasa mmoja kuhusu hukumu ya Januari 2025, maneno mepesi, baada ya kuhakikisha kwamba sheria haijapotoshwa. Tafsiri nitafanya mimi, na gundi ninayo.