Nyasi za Canberra na ile lifti

Mgeni anayefika Bunge la Australia, Canberra, bado anaweza kupanda juu ya paa lake. Atapita kwenye ukaguzi mlangoni, mfuko wake utapigwa picha, kisha ataingia kwenye lifti. Huko juu atakuta nyasi, na juu yake mlingoti wa bendera wenye urefu wa mita 81. Ndiyo maana wanaotetea uzio uliowekwa mwaka 2017 kukata mteremko wa nyasi, ambao zamani mtu aliupanda kwa miguu hadi juu ya paa, huuliza: hasa kimepotea nini?

Swali lao lina uzito. Oktoba 2014 mtu mwenye bunduki aliingia Bunge la Kanada baada ya kumuua askari kwenye mnara wa kumbukumbu ulio karibu. Desemba mwaka huohuo watu walishikwa mateka katika mkahawa mmoja wa Sydney. Mkuu wa ulinzi anayeona mteremko ulio wazi ukipanda hadi juu ya vichwa vya wabunge ana haki ya kukosa usingizi.

Tatizo ni kwamba nyasi zile zinahesabiwa kama pambo. Mapambo yapo, tena mazuri: nguzo 48 za marumaru kwenye ukumbi wa kuingilia, zilizokusudiwa kukumbusha msitu wa mikaratusi, ukumbi wa Baraza la Wawakilishi wenye kijani cha majani ya miti hiyo, Seneti yenye wekundu wa udongo wa bara. Mtu anaweza kuyapita bila kuyatazama. Lakini kundi la msanifu Romaldo Giurgola, lililoshinda kati ya michoro 329, lilikataa kuliweka Bunge juu ya kilima kama ngome. Lililichimbia ndani, likarudisha nyasi juu yake, ili raia atembee juu na mwakilishi wake akae chini. Tangu 1988 watoto walikuwa wakibingirika pale, huku chini yao sheria zikijadiliwa.

Wapo wanaocheka kwamba kilima chenyewe ni cha kutengenezwa. Ni kweli: zaidi ya mita za ujazo milioni moja za mwamba na udongo ziliondolewa. Kwangu mimi hilo linaongeza nguvu ya hoja. Hakuna anayejisumbua kiasi hicho kwa bahati mbaya. Kilima cha asili kingeweza kubaki wazi kwa uzembe tu. Hiki kiliachwa wazi kwa makusudi na kwa fedha za umma.

Na uzio una mita 2.6. Mtu mrefu akisimama wima na kunyoosha mkono, kidole chake ndipo kinakaribia ncha. Urefu huo haukuwekwa kwa ajili ya magari, maana gari huzuiwa na nguzo fupi. Unamzuia mtu anayetembea kwa miguu, yule hasa ambaye mteremko ulichorwa kwa ajili yake. Mwishoni mwa Novemba 2016, muda mfupi kabla uzio haujaidhinishwa, waandamanaji walivuruga kikao kutoka jukwaa la wageni, wengine wakijibandika kwa gundi. Hao walikuwa wamepita mlangoni kama wageni wengine, uzio usingewagusa. Kesho yake wengine walishuka kwa kamba mbele ya jengo na bango lao. Hao, nakubali, pengine ungewasumbua.

Desemba hiyo wakazi wa Canberra walikwenda kubingirika kwenye nyasi kwa mamia kama kuaga. Baadhi waliwaona kama watu wanaolilia bustani. Giurgola hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki Mei mwaka huo.

Lifti, basi, inampeleka mgeni mahali palepale, na mandhari ni yaleyale. Ila sasa anafika juu ya wabunge wake akiwa amekaguliwa na kuruhusiwa nao, na jengo likifungwa jioni, lifti nayo inasimama.