Wameniambia nitembee, sasa nitembelee wapi?

Jamani mimi sibishi. Daktari kaniangalia kitambi, kapima presha, kasema "mzee, mazoezi", nikaitikia. Redio nayo mazoezi, meseji kwenye simu mazoezi, barabarani likasimamishwa bango jamaa anakimbia huku anacheka (hivi kuna mtu anakimbia huku anacheka? mimi nikikimbia hata mama mzazi hanitambui). Nikasema ngoja na mimi niwe mwananchi mwema, serikali imetujali, tuiunge mkono.

Nikaanzia kwenye uzinduzi wa kampeni. Tuliambiwa saa 12 asubuhi, mgeni rasmi kafika saa 3, na gari limemsogeza mpaka kwenye ngazi ya jukwaa asije akachoka. Basi tukakaa kwenye viti vya plastiki masaa mawili na nusu tunasikiliza hatari za kukaa. Mgongo umeshakufa ganzi, mtaalamu ndo kwanza anaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au 75 za kutoa jasho kweli kweli, na siku 2 za kukaza misuli. Nikapiga hesabu hapo hapo kwenye kiti, masaa mawili na nusu si ndo dakika 150 zenyewe! Wiki yangu nzima imeishia kwenye hotuba. Mazoezi tulifanya kidogo tu mwishoni, kuzungusha mikono kamera zipate picha, halafu tukagawiwa tisheti. Yangu haikupita tumboni. Kampeni ya kupambana na vitambi, tisheti zimeshonewa wasio na vitambi.

Sawa, nikaamua nijitegemee. Nikaweka programu ya kuhesabu hatua kwenye simu, ikanipangia 10,000 kwa siku bila kuniuliza, na mimi kwa utii kila usiku nazunguka kitanda kutafuta hatua 812 zilizobaki, mke wangu anauliza baba nanihii umepoteza nini. Juzi ndo nasoma kumbe hiyo 10,000 haikuanzia hospitali, ilianzia Japani mwaka 1965, Olimpiki ya Tokyo ya 1964 imewaachia watu mzuka wa michezo, kampuni ikatoa kifaa ikakiita manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa! Mimi nimetoboa soksi kwa ajili ya tangazo la biashara la kabla sijazaliwa.

Na msiniambie nitoke nje, nje nimeshatoka. Njia ya waenda kwa miguu inaanza vizuri tu, mita kadhaa unajiona mtu, mara nguzo ya umeme katikati, mara gari limepaki lote lote, mara mtaro hauna mfuniko, ukitoka hapo umeshafanya riadha ya kuruka viunzi na hakuna wa kukupa medali. Kiwanja cha wazi nacho kimezungushiwa mabati. Halafu unasikia kule Bogotá, Kolombia, walianza 1974, na siku hizi kila Jumapili na sikukuu wanafunga barabara, zaidi ya kilomita 100, magari kando, watu na baiskeli zao, watoto, wazee, mpaka mchana. Barabara ni zile zile za magari, hawakusubiri kujengewa nyingine! Mimi barabara nimeiona ikifungwa pia, ila ni kupisha msafara, na hapo hata kuvuka unazuiwa.

Ndo maana sishangai. Mwaka 2018 dunia ilijiwekea mpango wa kupunguza uvivu huu kwa asilimia 15 ifikapo 2030. Haya, 2010 watu wazima wasiofikisha mazoezi walikuwa kama asilimia 26, 2022 wakawa 31. Tumeambiwa tushuke sisi tunapanda, na ndo kitu pekee tunachopanda kwa bidii, maana ngazi hatupandi.

Hapo kwenye ngazi ndo nina donge. Kuna utafiti wa London, wa 1953, walilinganisha madereva wa mabasi na makondakta, wakakuta makondakta wanaopanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa kutwa nzima wana maradhi ya moyo machache kuliko dereva aliyekaa. Nikasema basi mimi kuanzia leo kondakta. Juzi nina shida ya karatasi kwenye ofisi moja, ghorofa ya nne, pembeni ya lifti bango linang'aa: PANDA NGAZI, LINDA MOYO WAKO. Nikakunja suruali, nikaenda mlango wa ngazi, kufuli. Nikamuuliza mlinzi funguo iko wapi, akasema anayo bosi wa jengo. Bosi yuko wapi? Ghorofa ya sita, kwenye semina ya afya kazini.

Nikarudi kwenye foleni ya lifti. Nimesimama dakika 20 na hizo nimeziandika, zimebaki 130.