Kwotabeki Haivi kwa Kukaa Benchi

Kila Aprili NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, inapofanya drafti, timu zikipokezana zamu za kuchagua vijana kutoka vyuoni, lazima mtu atamtaja Tom Brady. Mwaka 2000 alichaguliwa wa 199, makwotabeki sita, yaani watupa pasi wanaoongoza mashambulizi kama yeye, wakiwa wamemtangulia, kisha akaja kutwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa, mara 7. Hadithi tamu, na husimuliwa kwa namna ileile: walimdharau, akajituma, akawaumbua. Mimi nimeichoka. Si ya uongo, ila bidii na uchungu wa kudharauliwa wanavyo karibu wote wanaofika pale, na wengi wao hurudi makwao bila mtu kuwakumbuka. Anayetaka kujua kwotabeki aliyepuuzwa anafikaje kuwa namba moja aulize jambo la kawaida zaidi: amecheza mechi ngapi, na wapi?

Kazi yenyewe ndiyo inayolipa swali hilo uzito. Kwotabeki anapokea mpira, ana sekunde mbili tatu hivi kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia, na ndani ya muda huo lazima ang'amue mabeki wamejipangaje, nani yuko huru, pasi itoke au isitoke. Hayo huwezi kuyamaliza kwa kukariri kitabu cha mbinu. Jicho linazoea kwa kuona, tena likiona mwili ukiwa hatarini. Tabu ni kwamba nafasi yake ni kama ya kipa: anasimama mmoja tu. Winga wa akiba ataingizwa dakika ya 70. Kipa wa akiba anangoja mwenzake aumie au aboronge.

Mazoezini nako hakuna nafuu. Msimu ukishaanza, sehemu kubwa ya mazoezi ya wiki ni ya namba moja. Wenzake wa benchi wanaigiza kwotabeki wa timu watakayokutana nayo Jumapili, ili mabeki wao wajifunze kumkabili. Kijana anashinda akitupa pasi za mfumo wa watu wengine, akifuata mchoro ulioshikwa na kocha. Mkataba wa 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji ulibana zaidi: mazoezi ya kuvaa vifaa kamili yasizidi 14 katika msimu wa kawaida. Na tangu 2021, msimu ulipoongezwa hadi mechi 17, mechi za maandalizi zilipunguzwa kutoka nne hadi tatu. Kwa afya ya vichwa vya watu, kupunguza kugongana naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini gharama yake wanailipa hao wa benchi, na sijasikia mtu akiwafidia.

Ndiyo maana mfano ninaoupenda ni Kurt Warner. Chuoni Northern Iowa alianza mechi mwaka wake wa mwisho tu. Drafti ya 1994 ilimpita. Green Bay Packers walimwita kambini, akawakuta makwotabeki Brett Favre, Mark Brunell na Ty Detmer, akaachwa. Akaenda kupanga bidhaa usiku katika duka la Hy-Vee huko Cedar Falls kwa dola 5.50 kwa saa. Wasimuliaji wengi wanapenda kubaki hapo kwenye rafu za duka, kwa sababu hapo ndipo machozi yalipo. Mimi navutiwa na kilichofuata. Kuanzia 1995 hadi 1997 alicheza Iowa Barnstormers, timu ya mchezo wa ndani ya ukumbi: uwanja wa yadi 50, wachezaji wanane kila upande. Nafasi ni finyu, watu wako karibu, na mpira usipotoka mkononi haraka umeumia. Huko ni pasi juu ya pasi. Misimu mitatu ya hivyo, kisha 1998 akapelekwa Amsterdam Admirals katika ligi ya NFL ya Ulaya, akaongoza ligi nzima kwa yadi za pasi na kwa tachidauni, yaani pasi za kufunga.

Kwa hiyo Agosti 1999, kwotabeki namba moja Trent Green alipoumia goti katika mechi ya maandalizi, St. Louis Rams hawakumwingiza mgeni wa kazi. Walimwingiza mwanamume wa miaka 28 ambaye jicho lake lilikwisha kupigwa msasa mahali ambapo maskauti hawakuwa wakitazama. Rams walikuwa wameshinda mechi 4 tu msimu uliotangulia. Msimu huo wakashinda 13, Warner akatupa tachidauni 41, akawa mchezaji bora wa ligi, kisha akaifunga Tennessee Titans 23-16 katika Super Bowl kwa pasi za yadi 414. Watu wakasema muujiza. Miezi michache kabla ya msimu huo, Cleveland Browns walipokuwa wakirudi kwenye ligi na kuruhusiwa kuokota wachezaji wa timu nyingine, Rams walimwacha Warner bila kumlinda. Browns hawakumtaka.

Warren Moon alipuuzwa kwa sababu nyingine, na hatuna haja ya kuifunika: alikuwa mweusi. Januari 1978 aliiongoza Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo. Drafti ya mwaka huo ikaisha hakuna aliyemgusa, maana timu nyingi enzi hizo ziliamini kijana mweusi ahamishiwe nafasi nyingine. Yeye alikuwa ameshasaini Edmonton, Kanada, akatwaa Grey Cup, kombe la ubingwa wa huko, mara tano mfululizo, 1978 hadi 1982. Houston Oilers walipomchukua 1984, hawakugundua kipaji chochote. Walinunua fundi aliyekamilika.

Brock Purdy ndiye anayewachanganya wengi. Mwaka 2022 alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa katika drafti, na Wamarekani wana jina la utani kwa mtu huyo, la kumwita Bwana Asiye na Maana. San Francisco 49ers tayari walikuwa na Trey Lance, ambaye mwaka mmoja kabla walimpandia dau kwa kutoa chaguo tatu za raundi ya kwanza ili wamchukue wa tatu. Lance ana mwili, ana mkono, ana mbio. Alichokosa ni mechi: chuoni North Dakota State alicheza msimu mmoja kamili, na wa pili akacheza mechi moja tu kwa sababu ya korona. Purdy alikuwa ameanza mechi zaidi ya 40 Iowa State. Lance akavunjika kifundo cha mguu Septemba, Jimmy Garoppolo aliyeshika nafasi yake akavunjika mguu Desemba, Purdy akaingia. Mechi yake ya kwanza kuanza alikutana na Tampa Bay ya huyohuyo Brady, wakashinda 35-7.

Utasikia kwamba ni mfumo wa kocha Kyle Shanahan ndio uliombeba. Umembeba, sikatai. Lakini Lance naye alikuwa chini ya Shanahan huyohuyo, akaanza mechi 4 tu, na Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Ninamwonea huruma Lance kuliko Purdy. Alipewa heshima yote isipokuwa muda wa kucheza. Purdy mwaka huo alipiga pasi za yadi 4,280, akavunja rekodi ya klabu kwa yadi mbili. Rekodi ilikuwa ya Jeff Garcia, ambaye naye hakuchaguliwa na mtu na alikaa misimu mitano Calgary, Kanada, kabla NFL haijamfungulia mlango.

Mtu ataniuliza kuhusu Tony Romo. Kweli, alikaa Dallas misimu mitatu bila kutupa pasi moja ya msimu wa kawaida, kisha 2006 akachukua nafasi ya Drew Bledsoe. Wapo wa aina hiyo, na Brady mwenyewe alitupa pasi tatu tu mwaka wake wa kwanza. Ila Romo alikuja akiwa ameshinda tuzo ya mchezaji bora wa daraja lake la vyuo, na Brady alikuwa ameanza misimu miwili Michigan. Benchi iliwapa mwili na mfumo. Jicho walikuja nalo.

Sasa milango ya Warner imebaki wapi? Ligi ya Ulaya NFL iliifunga 2007. Ipo UFL, ligi ndogo inayochezwa majira ya kuchipua, lakini vijana wenye mikataba ya NFL hawapelekwi huko. Baada ya fainali ya kanda ya Januari 2023, ambapo Purdy aliumia kiwiko na Josh Johnson akaumia kichwa hadi 49ers wakabaki bila mtu wa kutupa, wakubwa walirudisha kanuni ya kwotabeki wa tatu. Huyo anavaa jezi, ila haruhusiwi kuingia mpaka wawili wa mbele wote washindwe kuendelea. Ningekuwa na kura, ningeruhusu timu zimkopeshe kijana wa namba tatu kwa UFL, kama kipa chipukizi anavyopelekwa kwa mkopo daraja la chini. Makocha watalalamika kwamba atakosa mazoezi ya Aprili na Mei. Mazoezi hayo hata kukabana hayana.